Jembe si kiboko

Nilipoanza kufundisha Kilimo katika shule moja ya Eastlands, Nairobi, nilikuwa na kikosi changu cha kumwagilia maji. Hakikunigharimu kitu, na kila asubuhi kilijazwa upya: wachelewaji. Naibu mwalimu mkuu aliwakusanya langoni, mimi nikawagawia ndoo. Kila mmoja ndoo tano kwenye kitalu, kisha aende darasani. Nilijiona mjanja sana. Adhabu imetolewa, miche imekunywa, na viatu vyangu havijaguswa na tope.

Muhula mmoja tukasia sukuma wiki kwenye kitalu cha mita moja kwa tatu. Ikaota vizuri, zulia la kijani. Wiki mbili hivi baadaye nikakuta mistari mizima imelala chini kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe. Uking'oa mche unaona shina limekuwa jeusi na jembamba pale linapogusana na udongo, kama mtu aliyekazwa uzi kiunoni, na huku juu majani mawili bado mabichi. Ni ugonjwa wa kitaluni ambao wanafunzi wangu walikuwa wameuandika daftarini wiki hiyo hiyo: kuvu hushamiri miche ikisongamana na udongo ukikaa na maji mengi. Asubuhi ile wachelewaji walikuwa kumi na wawili. Piga hesabu ya ndoo. Nilimuuliza kijana mmoja mbona anamwaga ndoo nzima mahali pamoja badala ya kutumia kopo lenye matundu. Akanijibu kwa heshima zake zote, "Mwalimu, nilitaka nimalize haraka niingie darasani."

Sikuwa na la kumjibu. Anayeadhibiwa hufanya kazi ili iishe, na mimea haiishi kwa namna hiyo.

Lakini miche ilikuwa hasara ndogo. Fikiria mtoto wa Nairobi anasikia nini nyumbani: usiposoma utarudi ushago ukalime. Akifika shuleni, mkosaji ndiye anayepewa jembe au fyekeo. Halafu saa nne anakuja kwangu, nami nasimama ubaoni namwambia kilimo ni uti wa mgongo wa uchumi wetu. Ataniamini vipi? Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu wa Kilimo, kabla hujanunua mbegu, kabla hata hujapanga ratiba ya somo, nenda uzungumze na naibu. Wangu alichukua mihula miwili kukubali. Nilimwambia wachelewaji wafagie, waokote karatasi, waoshe ubao, lolote, ila shambani mtu asiingie kwa kosa. Siku alipokubali nilibadilisha hata kufuli ya lango la shamba, ufunguo nikawapa wanafunzi wenyewe, kwa zamu.

Baada ya hapo, anza na udongo. Si wa kitabuni. Waambie kila mmoja aje na ngumi mbili za udongo wa kwao pamoja na chupa angavu yenye kifuniko. Darasa langu lilitoka pande nyingi: wa Dagoretti alileta udongo mwekundu, wa Embakasi mweusi wa kunata, na mmoja wa Kariobangi akaja na kitu ambacho nusu yake ilikuwa vipande vya plastiki na makaa. Jaza chupa robo udongo, ongeza maji hadi karibu na shingo, funga, tikisa dakika nzima, iweke dirishani. Mchanga hutua hapo hapo ukiangalia. Tope laini hufuata kwa saa kadhaa. Udongo wa mfinyanzi ndio mkaidi, maji ya chupa ya Embakasi yalikaa na ukungu hadi siku ya tatu, na binti aliyeileta alikuwa akipita dirishani kila asubuhi kabla ya gwaride kuangalia kama yametakata. Juu ya maji huelea vijiti na mabaki ya majani. Hapo sasa unaweza kusema neno umbile la udongo na kila mtu akajua unaongea kuhusu chupa gani.

Shule yetu ilikuwa juu ya udongo mweusi. Ukikauka unapasuka hadi unaweza kuingiza kiganja, jembe likidunda kama umepiga saruji, na mvua ikinyesha unaganda kwenye viatu hadi unarefuka kwa inchi mbili. Ulime ukiwa na unyevu wa wastani, inua matuta, changanya samadi iliyooza. Usisubiri mvua za Machi zianze ndipo umpeleke mtu kulima, utampoteza shambani na gumboti zake.

Kama hamna ardhi, na shule nyingi za mjini hazina, magunia yanatosha kabisa. Watu wa Kibera wamekula sukuma ya magunia miaka mingi. Chukua gunia tupu la kilo 90, na kopo kubwa la mafuta ulilolikata kitako. Simamisha kopo katikati ya gunia, lijaze kokoto, kisha pembeni yake jaza udongo na samadi, makarai mawili kwa moja. Vuta kopo juu, kokoto zibaki, jaza tena, endelea hivyo hadi ufike mdomoni. Utabaki na nguzo ya mawe katikati, na ndiyo itakayopeleka maji hadi chini. Walimu wengi huiruka hatua hiyo, halafu wanashangaa kwa nini miche ya chini inakauka ilhali ya juu inaelea. Toboa mashimo ubavuni kwa mpangilio wa kupishana, pandikiza jioni jua likiwa limepoa. Na tafadhali, msitumie maji ya mto unaopita nyuma ya mtaa kwa mboga za majani. Wote tunajua kilichomo.

Mradi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ndio huwapa walimu presha. Maagizo ya KNEC, baraza la mitihani, yanakuja mapema katika mwaka wa mtihani, kila mtahiniwa anahitaji kipande chake, na wewe unatoa alama hatua kwa hatua. Ushauri wangu ni mmoja tu: tayarisha ardhi na mboji kabla hujajua zao litakuwa lipi. Mboji haijali kama utapanda maharagwe au kabeji. Maganda ya viazi ya jikoni, majani, samadi, majivu kidogo, na fimbo ndefu iliyochongwa, ichomeke katikati ya lundo kwa mshazari. Baada ya siku chache mwite mwanafunzi anayejifanya haamini, mwambie aichomoe aishike ncha. Sijawahi kuona anayeishika mara ya pili bila kupuliza vidole kwanza. Ikitoka baridi na kavu, ongezeni maji.

Dawa za kunyunyiza usimpe mwanafunzi. Vidukari kwenye sukuma tuliwaosha kwa maji ya sabuni tukaishi nao.

Kuhusu ziara: maonyesho ya kilimo ya Jamhuri Park ni mazuri, lakini darasa la watu sitini hurudi na vipeperushi na soda. Ukiweza kwenda mahali pamoja tu, nenda Marikiti, soko la jumla la mazao, na uende alfajiri. Nilikwenda na wanafunzi wanane. Kazi yao ilikuwa kuuliza bei ya kreti ya nyanya kutoka kwenye lori, kisha bei ya nyanya tatu kwa mama mboga wa mtaani kwao jioni hiyo hiyo, na kuhesabu nyanya zilizopondeka chini ya kreti. Mmoja alikuwa na hakika mama mboga ni mwizi. Baada ya kutoa nauli ya mkokoteni, matatu, na nyanya zilizooza, alirudi kimya akasema labda atamwomba msamaha. Mada nzima ya uchumi wa kilimo, ile inayowasinzisha, tuliimaliza kwa wiki moja na vitabu vikiwa vimefungwa.

Wanaoingia sekondari ya juu sasa wametoka kwenye mtaala wa umilisi (CBC), na wengi wamekwisha kupanda mboga kwenye mkebe. Waulize walichopanda na kilichokufa. Usiwaanzishie upya jembe ni nini.

Limebaki la likizo, ambalo halimo kwenye silabasi yoyote. Miche haijui shule zimefungwa. Mwaka wa kwanza baada ya kubadilisha kufuli nilirudi Agosti ikiisha nikakuta magunia ishirini ya majani makavu, kwa kuwa ufunguo ulikwenda na mtu Machakos. Siku hizi nazungumza na soja wa lango mapema. Yeye humwagilia kila jioni, na kila anachoweza kula na familia yake ni chake, bila kuniuliza. Likizo iliyopita alikula sukuma mwezi mzima. Nilipofika alinionyesha gunia moja tu lililoharibika, akanieleza kwa urefu jinsi mbuzi wa jirani alivyopita chini ya ua, na kwamba tayari ameshaziba.