Mtoto hajanyonya siku ya nne baada ya upasuaji: usiache kukamua

Pole sana, mdogo wangu wa Kasulu. Umeuliza kama ni kawaida mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo ulioziba kufika siku ya nne bila kunyonya, na mrija wa puani bado unatoa maji ya kijani. Wangu alipita hapo hapo. Tulitoka naye Tabora mpaka hospitali ya Bugando, Mwanza, akiwa na siku mbili tu.

Ile kijani ni nyongo. Utumbo uliokatwa na kushonwa huchelewa kuanza kazi, kwa hiyo mrija unatoa kinachokusanyika tumboni. Kila asubuhi muulize nesi yametoka kiasi gani na yana rangi gani. Yakipungua na kuanza kuwa meupe, mtoto akajamba au akapata choo, ndipo maziwa huanza, mililita chache chache. Mimi siku aliyojamba nililia wodini.

Kamua maziwa yako kila baada ya saa tatu, hata usiku, hata yakitoka matone. Ukiacha yatakauka.

Na hiyo dawa ya chango, ya kienyeji ya tumbo, uliyosema mama mkwe anataka kumpa mtoto, mwambie kwa heshima: "Mama, mshono bado mbichi." Asipewe chochote mdomoni bila daktari kuruhusu, hata maji.

Tumbo likivimba na kuwa gumu, akichemka au mwili ukipoa, kidonda kikitoa usaha, usisubiri daktari apite. Mwite nesi saa hiyo hiyo.

Wangu alishika titi siku ya 11. Na wewe ule, tafadhali.