Mkuu, zuia hiyo samadi kabla haijafika mlangoni

Sitakusalimia kwanza, utanisamehe. Nimesoma swali lako nikiwa kwenye basi la kwenda kazini mpaka nikapitiliza kituo. Umeuliza mambo matatu: wapi uwapeleke watoto wakaone maua pori majira haya ya kuchipua, safari gani ya siku tatu za Pasaka isiyotafuna mshahara, na namna ya kuugeuza uwanja wa nyuma ya nyumba yenu mpya hapa Uingereza uwe konde la maua pori. Halafu mwishoni, kama vile ni jambo dogo tu, umetupia kwamba umeshaagiza mifuko ishirini ya samadi ya farasi "ili maua yapate nguvu".

Mkuu, maua pori hayataki nguvu. Yanataka njaa.

Najua unaniona kichaa. Mimi ni mtoto wa Marangu. Kwetu kihambani samadi ni nusu ya dini: ng'ombe yuko bandani, analetewa majani, na kinachotoka nyuma yake kinakwenda kwenye migomba na kahawa. Mtoto anajua kubeba samadi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Basi Aprili 2019, tulipopata nyumba yenye uwanja wa mita nane kwa tano, nilijiona mkulima pekee katikati ya watu wa kompyuta. Nani angekuja kunifundisha mimi udongo?

Alikuja jamaa wa duka la bustani. Nilimwonyesha pakiti ya mbegu yenye picha ya popi nyekundu, maua ya bluu, ya njano, na vipepeo juu yake, nikamwambia nataka hivi hivi. Akaniangalia kama daktari anayesoma majibu ya maabara. Akasema udongo wa mjini umechoka, lazima uamshwe. Nikachukua mboji iliyochanganywa na samadi ya farasi, tani mbili, pauni 190 pamoja na kuletewa. Mbegu gramu 200, pauni 64. Mashine ya kukatua ya kukodi, pauni 70. Alitabasamu muda wote. Leo naelewa lile tabasamu lilikuwa la nini.

Sasa sikia. Nyumba zetu ni zile za mstari, ukuta kwa ukuta, hakuna kichochoro cha kufika nyuma. Lori lilishusha tani mbili kando ya barabara saa moja asubuhi likaondoka zake. Njia ya kwenda uwani ni moja: mlango wa mbele, koridoni, jikoni. Toroli haikupita mlango wa jikoni. Ikabidi ndoo. Mke wangu alisimama na kikombe chake cha chai akanihesabia mpaka ndoo ya sitini, kisha akafungasha begi, akaenda kwa dada yake Leicester, akarudi Jumapili jioni. Jikoni kulinuka zizi wiki mbili. Mimi, mjinga, harufu ile ilinikumbusha nyumbani nikawa nafurahi.

Nikaukatua ukoka wa zamani, nikauchanganya humo humo na samadi (hilo nalo ni kosa), nikamwaga mbegu, nikamwagilia.

Wiki ya tatu uwanja mzima ulikuwa kijani kibichi. Nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, nikapongezwa. Juni nyasi zikanifika kiunoni. Katikati yake kukaota ile mimea inayowasha kama upupu, mibaruti, na magugu ya majani mapana kama mchicha uliozidi umri. Makoa yakahamia kwa ukoo mzima. Maua niliyoyahesabu yalikuwa manane. Mbegu za pauni 64, maua manane: pauni nane kwa kila ua. Mama akapiga simu ya video, nikamzungusha uwani aone. Akanyamaza, akasema, "Majani mazuri sana, mwanangu. Ng'ombe yuko wapi?"

Julai nikarudi dukani na picha. Unajua yule bwana aliniambia nini? Kwamba pengine mbegu hazikupata chakula cha kutosha. Akanyoosha mkono rafuni akanipa chupa ya mbolea ya maji. Niliirudisha pale pale, nikatoka nje, nikakaa ndani ya gari dakika kumi.

Na kitu kinachoniuma ni kwamba jambo lenyewe si siri. Kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Harpenden, kaskazini ya London, wana konde la majaribio tangu 1856. Yaani walianza kabla Mjerumani hajaiona Kilimanjaro kwa macho ya kuitawala. Walilikata vipande, vingine wakaviwekea mbolea, vingine wakaviacha bila kitu. Vile visivyopewa chochote vina aina zaidi ya 30 za mimea. Vile vilivyolishwa naitrojeni kwa wingi kwa namna iliyouharibu udongo ukawa mchachu, vimebaki na aina mbili tatu tu. Nyasi ni mlafi: ukimpa chakula anarefuka haraka, anafunika wenzake, wanakosa mwanga, wanakufa. Maua ya kondeni hukua polepole na yamezoea shida, kwa hiyo yanashinda mahali ambapo nyasi imedhoofika. Ukitia samadi unakuwa umemlisha adui wa maua.

Agosti nikakodi kontena la taka, pauni 260, nikachimba sentimita saba za juu uwanja mzima. Samadi yangu, mizizi yangu, ukoka wangu, vyote vikapita jikoni tena, safari hii kuelekea barabarani. Ndoo zile zile. Mke akaenda tena Leicester. Shemeji akawa ananiuliza kama ndoa iko salama. Piga hesabu: 190 na 64 na 70 na 260 ni pauni 584. Nimelipa watu waniletee udongo, kisha nikalipa watu waniondolee.

Na chini ya samadi nilikuta nini? Udongo mbaya wa mfinyanzi, wa kijivu, una vipande vya matofali. Kwetu usingeupandia hata magimbi. Huo ndio niliokuwa nautafuta siku zote, ulikuwa pale pale, wa bure, nami nimeufunika.

Septemba nikaukwaruza kwa reki, nikachanganya mbegu na mchanga mkavu ili zisambae sawasawa, gramu tano kwa mita ya mraba, nikazimwaga juu juu bila kuzifukia, nikazikanyaga kwa miguu. Basi. Nikaongeza mbegu za mmea ambao Waingereza wameupa jina la njuga ya njano, kwa sababu ukikauka mbegu zake hulia ndani ya vifuko. Ukitaka kuutafuta, jina la kitaalamu ni Rhinanthus minor. Huu ni mwizi mzuri: mizizi yake inajibandika kwenye mizizi ya nyasi na kunyonya. Lakini mbegu zake lazima zipitie miezi ya baridi ndipo ziote, kwa hiyo ukizimwaga sasa hivi umezitupa. Subiri vuli.

Mwaka uliofuata nilipata njuga chache na majani tu, jirani mzee akawa ananionea huruma. Mei 2021 uwanja ukafunguka: deizi kubwa nyeupe, maua ya zambarau, njuga zenyewe, nyuki mpaka nikaogopa kupita. Mwisho wa Julai nakata yote, naacha yakauke siku mbili tatu yadondoshe mbegu, kisha natoa kila jani nje. Kila jani! Ukiyaacha yaoze pale yanageuka mbolea, na tumeshaongea kuhusu mbolea.

Halafu ile picha ya pakiti. Popi na yale maua ya bluu ni ya mashamba ya ngano, yanaota, yanachanua na kufa mwaka huo huo, na hutaka udongo uliotifuliwa. Yangu yalikuwa ya kudumu, ambayo mwaka wa kwanza hayana mpango na wewe. Duka linauza haya kwa picha ya yale. Kwa hiyo kama watoto wanataka rangi mwaka huu, wakwangulie kona ya mita mbili, mwagieni popi sasa hivi, mtaona kiangazi. Bila samadi. Nisome tena: bila samadi.

Kuhusu kutembea, nendeni misitu yenye maua ya blubeli, ni kama mtu amemwaga wino wa bluu chini ya miti. Ashridge kule Hertfordshire ni pazuri, kuanzia mwisho wa Aprili mpaka katikati ya Mei. Waambie watoto wasitoke kwenye njia, maana jani likikanyagwa, tunguu lililo chini ya udongo halipati chakula, na eneo huchukua miaka kupona. Wala usishawishike kuchimba machache ukapande nyumbani: tangu sheria ya 1981 ni kosa kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi.

Pasaka sijui nikuambie nini. Yangu niliitumia kubeba ndoo.

Umesema samadi inaletwa Alhamisi. Piga simu kesho asubuhi mapema, kabla lori halijapakiwa. Wakigoma kurudisha pesa niandikie inboksi nije na gari niichukue, mimi nimepanda nyanya. Ila nyumba yenu ina kichochoro cha pembeni, au itabidi nipite jikoni?