Maswali na majibu: kuta za watawa chini ya majumba ya mashambani Uingereza

Kila mara nasikia kwamba mafundi waliokuwa wakichimba mtaro wa bomba kwenye jumba la kitajiri huko mashambani Uingereza wamekutana na kuta za zama za kati. Je, ni bahati tu?

Bahati ina sehemu ndogo sana. Kati ya mwaka 1536 na 1540, Mfalme Henry VIII alizifunga nyumba za watawa zipatazo 800 za Uingereza na Wales na kutwaa mali zao, na ardhi nyingi ikaishia kwa watumishi wake na kwa matajiri wenye fedha mkononi. Wengi wao waliona hasara kujenga upya ilhali kuta imara zilikuwa zimekwisha kusimama, hivyo walibomoa wasichokihitaji na kuhamia katika kilichobaki.

Mfano ulio wazi ni Lacock, katika Wiltshire. Abasia hiyo ya watawa wa kike iliasisiwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 13 na Ela, bibi aliyerithi cheo na ardhi za Salisbury, ambaye baadaye aliiongoza yeye mwenyewe. Ilinusurika mwaka 1536 kwa kulipa faini, ikafungwa mwaka 1539, na mwaka uliofuata ikanunuliwa na William Sharington, mtu yule yule aliyekuja kutiwa hatiani kwa ufisadi katika kiwanda cha kufua sarafu cha Bristol. Sharington alilivunja kanisa, lakini aliuacha ua wa watawa pamoja na vyumba vinavyouzunguka, na ukuta wa kaskazini wa kanisa hilo ndio leo sehemu ya ukuta wa kusini wa jumba. Kwa hiyo mtu anayechimba upande wa kusini, penye majani yaliyofyekwa vizuri, anachimba ndani ya kanisa. Katika nyumba nyingine ya watawa, Mottisfont huko Hampshire, mambo yalikwenda kinyume: mmiliki wake mpya, William Sandys, aliligeuza kanisa lenyewe kuwa makazi.

Mwanaakiolojia anayesimama kando ya mtaro anafanya nini hasa?

Anaangalia udongo. Mashine hufungwa ndoo isiyo na meno, ikaondoa tabaka moja baada ya jingine, na rangi au ugumu wa udongo unapobadilika yeye huisimamisha, akasafisha mahali hapo kwa mwiko, akapiga picha, akachora kwa vipimo na kuandika kila kitu kilitoka katika tabaka gani. Kwenye eneo lililoorodheshwa chini ya sheria ya mwaka 1979 ya mabaki ya kale na maeneo ya kiakiolojia, kazi haianzi bila kibali cha serikali. Kwingineko, mamlaka za mipango huweza kuufanya uangalizi huo kuwa sharti la ujenzi, na kwa kawaida anayejenga ndiye anayelipa.

Wanajuaje kwamba kipande cha ukuta ni cha karne ya 13 na si mfereji wa maji taka wa karne ya 18?

Swali hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu jiwe peke yake hudanganya. Jiwe lililochongwa kwa ajili ya dirisha la kanisa linaweza kuwa limepachikwa katika mfereji uliojengwa miaka 500 baadaye, na aliyeupata akashangilia bure. Kinachoaminika zaidi ni mpangilio: ukuta upi umekatwa na upi, sakafu ipi imeegemea msingi upi, na vigae vya vyungu vilivyonaswa ndani ya shimo la msingi, kwani ukuta hauwezi kuwa wa zamani kuliko kigae kilichofukiwa chini yake. Chokaa nayo husaidia, hasa ikiwa na chembe za mkaa zinazoweza kupimwa umri kwa kaboni ya mnururisho. Pengine ukuta wenyewe haupo tena, kwa kuwa mawe yaling'olewa yakajengewe kwingine. Linalobaki ni handaki lililojaa vifusi vya chokaa, nalo huonyesha njia ya ukuta karibu sawasawa na mawe yenyewe.

Basi kwa nini wasifukue kanisa zima likaonekana?

Kwa sababu kufukua ni kuharibu, hata kukifanywa kwa ustadi. Mwishoni mwa karne ya 19, msanifu majengo Harold Brakspear alichimba Lacock akaipata ramani ya kanisa, jambo lenye manufaa kweli. Lakini desturi ya wachimbaji wa wakati huo ilikuwa kuufuata ukuta kwa handaki, na kwa kufanya hivyo walikata udongo ulioungana nao, ambao ndio ungetupa tarehe. Kwa maoni yangu, mtaro mwembamba uliosomwa kwa makini una thamani kuliko shimo pana la haraka. Ndiyo maana siku hizi, msingi ukionekana, jambo la kwanza ni kuangalia kama bomba linaweza kupitishwa kando au juu yake. Kisha mawe hufunikwa kwa kitambaa maalumu na mchanga laini, na udongo ukarudishwa.

Anayetaka kuona majengo yaliyosimama hatakosa: Lacock imo mikononi mwa National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na maeneo ya kihistoria, tangu mwaka 1944, na ua wa watawa, chumba chao cha baraza na chumba cha kuota moto vyote hutembelewa.