Maswali ya Wasomaji: Yai Linaita, Lakini Mbegu Zinasikia Lini?

Swali: Salaam, ndugu mhariri. Nafuga ng'ombe chotara wa Friesian. Mhimilishaji wetu alisema yai hutoa kemikali inayovuta mbegu za dume. Kama ni kweli, kwa nini tukipandikiza mbegu mapema ng'ombe hashiki? Na nikimchoma projesteroni, ile homoni ya uzazi, siku hiyo, si mbegu zitavutwa zaidi? — Mfugaji, Kiruhura

Jibu: Ndugu yetu, sindano hiyo usimchome. Projesteroni ikiwa nyingi katika damu huzuia yai kutoka. Na hata isingelizuia, ingefuta alama yenyewe ambayo mbegu hufuata.

Yai likitoka kwenye ovari huwa limezungukwa na wingu la seli ndogo ndogo, na hizo ndizo zinazotoa projesteroni, kidogo kidogo. Karibu na yai imekolea, ukisogea mbali inapungua. Mbegu inapoogelea hulinganisha kipimo cha sasa na cha punde tu. Kikipanda, inanyoosha njia. Kikishuka, mkia unapiga kwa kuegemea upande mmoja, mbegu inageuka na kutafuta upya. Kwenye mkia huo kuna vilango viitwavyo CatSper, vilivyogunduliwa mwaka 2001. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba kwa binadamu projesteroni huvifungua, kalsiamu ikaingia, na pigo la mkia likabadilika. Kwa hiyo kinachoongoza ni tofauti ya kipimo, si wingi wake. Moshi ukijaa nyumba nzima, hujui tena moto uko chumba gani.

Sasa hilo la kupandikiza mapema. Mwito wa yai haufiki mbali. Mrija wa uzazi wa ng'ombe una sentimita 20 hadi 30, na mbegu haitimizi hata sehemu ya kumi ya milimita. Sehemu kubwa ya safari mbegu husukumwa na misuli ya kizazi, kisha hujishikiza kwenye kuta za mwanzo wa mrija na kungoja. Tena mbegu iliyotoka kwa dume haisikii chochote. Lazima ikae saa kadhaa ndani ya jike, utando wake upunguzwe kolesteroli na protini zilizoufunika, ndipo iive. Jambo hili watafiti Chang na Austin waliligundua mwaka 1951, kila mmoja kivyake. Kwa binadamu, takriban mbegu 1 kati ya 10 ndiyo iliyoiva kwa wakati mmoja, na ikishaiva haidumu.

Hapo ndipo mbegu za mtungi, yaani zilizogandishwa, zinapokuponyoka. Kugandishwa kwa nyuzi 196 chini ya sifuri huuchakaza utando ule ule, hivyo zikiyeyushwa nyingi huwa kama zimekwisha kuiva na hufa mapema kuliko mbegu mbichi. Yai la ng'ombe hutoka saa 24 hadi 30 tangu joto, yaani hamu ya kupandwa, lianze. Ukipandikiza mara tu anapoanza kuwapanda wenzake, mbegu zinaweza kufa kabla yai halijatoka. Ukichelewa, yai limechakaa, kwa maana uhai wake ni wa saa chache tu.

Hesabu tangu pale anaposimama tuli akipandwa. Ukimwona asubuhi, apandikizwe jioni. Ukimwona jioni, kesho yake asubuhi. Mrija wa plastiki wenye mbegu zilizogandishwa uyeyushwe katika maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 45, na maji yapimwe kwa kipimajoto, kidole hudanganya. Ufutwe mpaka ukauke kabla ya kukatwa, kwa sababu tone la maji hupasua mbegu. Bomba la kupandikizia lisiwe baridi, jua lisipige, na kazi iishe ndani ya dakika 15. Mbegu ziachwe mara tu baada ya kuvuka mlango wa kizazi. Zikiachwa ndani ya mlango wenyewe, nyingi hutoka na ute. Msimamie mhimilishaji wako kwa haya bila kuona haya.

Swali: Ni kweli mbegu za binadamu hunusa maua? — Mwanafunzi wa sekondari, Jinja

Jibu: Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba kemikali moja yenye harufu ya ua huvuta mbegu za binadamu, wakadhani mbegu zina vipokezi vya harufu kama vya puani. Mwaka 2012 ikaonekana kwamba kemikali hiyo hufungua CatSper moja kwa moja, kwa hiyo maelezo ya pua hayahitajiki. Mbegu zina miongozo mingine pia, mwanafunzi wetu. Kwa sungura, wakati yai linatoka, mahali pa kukutania huwa na joto zaidi kwa nyuzi 1 hadi 2 kuliko mahali mbegu zinapongojea, na mbegu zilizoiva huelekea penye joto. Kwa panya, baada ya kupandana, majimaji hutiririka kushuka mrijani nazo huogelea kuyapinga.