Tai mweusi, mbwa wa kununua na taji lisilokuwepo: nawajibu wasomaji

Makala ya mwezi uliopita kuhusu nembo ya wafalme wa Prussia, ile dola ya Kijerumani iliyokuja kuiunganisha Ujerumani, imeleta barua nyingi. Baadhi ni za watu walioisoma. Nyingine ni picha za rupia, zile sarafu za enzi ya Mjerumani, zilizopigwa gizani, zikiwa na neno moja tu chini yake: "Bei?" Hao nitawafikia. Tuanze na waliouliza kwa adabu.

Shikamoo mzee. Ulisema tai wa Prussia ni mweusi na ana herufi FR kifuani. Kwa nini mweusi, na hizo herufi ni za nini? (Mwalimu wa historia, Iringa)

Marahaba, mwalimu. Tai ni ndege wa Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma, na Prussia alifika kupitia Shirika la Wateutoni, wale watawa-askari wa joho jeupe na msalaba mweusi. Nyeusi na nyeupe ni rangi zao tangu zamani.

Kisa chenyewe kinanoga mwaka 1525. Mkuu wa shirika wakati huo, Albrecht wa ukoo wa Hohenzollern, alikuwa amegeukia Ulutheri. Akalivunja shirika pale Prussia, akaenda Kraków kupiga goti mbele ya mfalme wa Poland, Sigismund wa Kwanza, ambaye ni mjomba wake kabisa, kaka wa mama yake. Mjomba akamrudishia Prussia iwe yake na ya watoto wake, lakini kwa masharti, na masharti yakachorwa kwenye bendera aliyomkabidhi: tai mweusi mwenye herufi S kifuani, S ya Sigismund, na taji limemzunguka shingoni. Shingoni, mwalimu, wala si kichwani. Kila aliyeiona alijua ndege huyu ana mwenyewe, na mwenyewe yuko Poland.

Mwaka 1618 Prussia ikarithiwa na akina Hohenzollern wa Brandenburg, jimbo jingine la Kijerumani. Mwaka 1657, kwa mkataba wa Wehlau, wakajinasua kutoka Poland. Tarehe 18 Januari 1701, katika mji wa Königsberg ambao leo ni Kaliningrad ya Urusi, mtawala wao Friedrich akajivika taji kwa mikono yake mwenyewe. S ikaondoka kifuani, ikaingia FR, yaani Fridericus Rex, Mfalme Friedrich. Taji likapanda kichwani. Kwenye kucha akapewa fimbo ya enzi na tufe.

Ndiyo maana nasema kila siku, na nitaendelea kusema mpaka mchoke: nembo isomwe kama hati ya kiwanja. Inakuambia nani anadai nini na kwa idhini ya nani. Anayetafuta humo siri za nyota na majini apeleke macho kwingine.

Halafu wafundishe wanafunzi wako na hili. Friedrich alijiita mfalme "katika" Prussia, hakujiita mfalme "wa" Prussia, kwa sababu upande wa magharibi wa nchi hiyo ulikuwa bado chini ya Poland. Hata hiyo "katika" aliipata baada ya Kaisari Leopold kukubali, naye Leopold alikubali kwa kuwa alihitaji askari wa Friedrich katika vita vya urithi wa Hispania. Mjukuu wa Friedrich huyu, Friedrich wa Pili, ndiye aliyejiita mfalme wa Prussia, baada ya kumega kipande cha Poland mwaka 1772.

Tai si alama ya Hitler? (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Alimkuta, kama alivyoikuta Berlin. Tazama kilicho kwenye kucha: kukiwa na shada lenye swastika ndani yake, huyo ni wa Wanazi. Kama hamna, usimkimbie.

Kwa nini tai mwingine ana kichwa kimoja na mwingine viwili? Nimesikia wa viwili ni wa Freemasoni. (Msomaji, Mwanza)

Nilijua lazima lije. Freemasoni wa tawi la Scottish Rite wanaye tai wa vichwa viwili, ni kweli, ila walimchukua amekwishazeeka. Bizanti, yaani dola la Kiroma la mashariki, walikuwa naye, Warusi wakamchukua, Waserbia na Waalbania wanaye hadi leo. Huko Ujerumani, tangu Sigismund wa Luxemburg alipotawazwa Kaisari mwaka 1433 (huyu si yule mjomba wa Kraków, msichanganye), mpango ulikuwa hivi: kichwa kimoja kwa mfalme, viwili kwa Kaisari. Dola lile likafa mwaka 1806, Waaustria wakabaki na vichwa viwili vyao. Mwaka 1848 bunge la Frankfurt lilipotaka Ujerumani moja, nalo likachukua vichwa viwili.

Prussia ilipofanikisha kuiunganisha nchi mwaka 1871 ilichukua kichwa kimoja. Austria imefungiwa nje, haikukaribishwa hata kwenye nembo. Kisha kifuani mwa tai wa dola wakabandika ngao yenye tai wa Prussia, na kifuani mwa huyo wakabandika ngao ndogo ya Hohenzollern, mirabaraba ya nyeupe na nyeusi. Tai juu ya tai, ukoo juu ya tai. Bavaria, Saksonia na Württemberg nazo zilikuwa falme ndani ya dola hilohilo, lakini hakuna hata moja iliyopata nafasi pale kifuani. Ukiona hivyo, unahitaji kuambiwa nani alikuwa bwana?

Juu ya chapeo ya Hohenzollern kuna kichwa cha mbwa. Mfalme na mbwa wapi na wapi? (Msomaji, Zanzibar)

Swali zuri kuliko yote ya mwezi huu. Mbwa huyo ni wa kuwindia, na alinunuliwa. Simaanishi mbwa wa kubweka. Namaanisha haki ya kumweka juu ya chapeo.

Mwaka 1317 akina Hohenzollern walikuwa bado mabwana wa ngome ya Nürnberg, kabla hata hawajaijua Brandenburg. Friedrich wa Nne wa Nürnberg akamwendea Leutold wa Regensberg, bwana mmoja wa upande wa Zürich, akanunua kwake pambo hilo kwa marki 36 za fedha. Tatizo ni kwamba mabwana wa Oettingen nao walikuwa na mbwa wao wa aina hiyohiyo, wakaona wameibiwa, na ugomvi ukaendelea hadi vizazi vilivyofuata. Watu wazima, wenye majumba na majeshi, wanagombea kichwa cha mbwa.

Msicheke sana. Kwenye mashindano ya mikuki uso wa mtu ulikuwa umefunikwa kwa chuma. Kilichoonekana kwa mbali ni pambo la juu ya chapeo, na wawili wakivaa moja hujui umsifu nani wala umdai nani.

Wale wanaume wawili walio uchi pembeni mwa ngao ni watumwa wa Kiafrika? (Wasomaji kadhaa)

Si Waafrika wala si watumwa. Ni watu wa mwituni wa hadithi za Kijerumani, wana ndevu ndefu, wamejifunga majani ya mwaloni kiunoni na kichwani. Utawakuta hata kwenye sarafu za thaler za Braunschweig, karne nyingi kabla Mjerumani hajaitia macho Bagamoyo. Kazi yao ni ileile ya Bibi na Bwana kwenye nembo ya taifa letu la Tanzania: kusimama kando ya ngao. Katika nembo kubwa ya Prussia mmoja kashika bendera yenye tai mweusi wa Prussia, mwenzake bendera yenye tai mwekundu wa Brandenburg.

Ukimtaka Mwafrika kwenye nembo za Ujerumani yupo, ila umemtafuta pasipo pake. Nenda Freising, Bavaria, ukaone kichwa cha mtu mweusi mwenye taji, ambaye maaskofu wa pale wanamtumia tangu karne ya 14. Papa Benedikto wa 16, aliyekuwa askofu mkuu wa München na Freising, alimhamishia kwenye nembo yake ya upapa mwaka 2005. Nenda na Coburg: nembo ya mji ni kichwa cha Mtakatifu Maurisi, askari mfiadini kutoka Misri, amechorwa mweusi. Wanazi walipoingia, kichwa hicho kiliwakera. Mwaka 1934 wakakiondoa na kuweka upanga wenye swastika. Mwaka 1945 mji ukakirudisha, na kipo mpaka leo hadi kwenye vifuniko vya mashimo ya barabarani.

Rupia yenye mtu mwenye kofia ya tai ni dalili ya hazina? Inauzwaje? Kuna jiwe kijijini kwetu lina alama ya Mjerumani. (Wengi mno)

Ninyi ndio mnaonimaliza.

Rupia hiyo ilikuwa hela ya kununulia chumvi. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1890. Kwenye rupia ya fedha kuna Kaisari Wilhelm wa Pili, kavaa chapeo ya kikosi cha wapandafarasi walinzi wa mfalme, na tai amekaa juu yake. Upande wa pili kuna simba mbele ya mnazi, nembo ya kampuni. Pesa za shaba, 64 kwa rupia moja, zina tai wa dola upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande mwingine pamoja na mwaka wa Hijria, 1307 na kuendelea. Zilipigwa kwa mamilioni. Kuiokota shambani kunathibitisha jambo moja tu, kwamba kuna mtu alitoboka mfuko.

Serikali ya kikoloni ilipoichukua kazi hiyo, kuanzia 1904 rupia ikawa heller 100. Sasa chukua ile heller 20 ya shaba ya mwaka 1916, iliyopigwa kwenye karakana ya reli Tabora baada ya Waingereza kuziba bahari. Tazama taji lililo juu ya mwaka, na utepe wake unaoning'inia pande mbili. Taji hilo halikuwahi kuwepo duniani. Dola lilipoundwa 1871 waliobuni nembo walichora taji la Kaisari, ukachongwa mfano wa mbao, yakaishia hapo. Wilhelm wa Kwanza, Friedrich wa Tatu, Wilhelm wa Pili, hakuna hata mmoja aliyetawazwa Kaisari kwa kuvikwa taji. Mnachimba hazina ya mtu ambaye hata taji lake la nembo lilikuwa la kuchora.

Dhahabu ipo, sikatai. Tabora hiyohiyo ilipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 kila moja mwaka 1916, takriban sarafu 16,000, tai wa dola upande mmoja na tembo aliyeinua mkonga upande wa pili. Sasa hivi za bandia zimezagaa kuliko za kweli. Anayekuletea moja kwenye kitambaa chekundu, kisha akataka "hela ya vipimo" kabla hujaishika, ni tapeli. Na anayedai kusoma alama za Mjerumani kwenye majiwe mwombe akusomee kwanza maandishi ya kwenye rupia. Utaona atakavyokohoa.

Bei siitaji kwa picha. Inategemea mwaka, herufi ya kiwanda (A ni Berlin, J ni Hamburg) na hali ya sarafu. Na tafadhali acheni kuzisugua kwa ndimu na majivu. Mkusanyaji wa sarafu akiona iliyosuguliwa anashusha bei papo hapo, au anaondoka.

Bendera ya koloni letu wakati wa Mjerumani ilikuwa na kichwa cha simba, sivyo? Nimeiona mtandaoni. (Mwanafunzi, Dodoma)

Sivyo, na umetumia mtandao bila kutumia akili. Mwaka 1914 waziri wa makoloni, Wilhelm Solf, aliandaa nembo kwa kila koloni, na yetu ikapangiwa kichwa cha simba chini ya tai. Vita ikazuka, mpango ukabaki kwenye makaratasi. Haikupepea hata siku moja. Iliyopepea bomani ni nyeusi, nyeupe na nyekundu ya dola, yenye tai katikati. Kabla ya hapo kampuni ilikuwa na yake: nyeupe yenye msalaba mweusi, na pembeni juu sehemu nyekundu yenye nyota tano. Kijana, ukiweka ya simba kwenye kazi yako ya darasani, usinitaje.

Kwenye ngao ya nembo kubwa ya Prussia kuna chumba chekundu hakina kitu. Mchoraji alisahau? (Fundi wa kuchonga, Lamu)

Hakusahau, fundi. Wekundu mtupu ni haki za kifalme zenyewe, na hasa ile ya kuhukumu kumwaga damu. Na ukiwa hapo tafuta chumba cha Oranien, mji wa kusini mwa Ufaransa: Prussia iliuachia Ufaransa mwaka 1713, ikaendelea kuuchora kana kwamba hakuna kilichotokea.

Farasi mweupe kwenye ngao nyekundu ni wa nani, na kwa nini yumo kwenye nembo ya zamani ya Uingereza? (Msomaji, Mombasa)

Wa Hanover, nchi ya Kijerumani. Mtawala wa Hanover na mfalme wa Uingereza walikuwa mtu mmoja tangu 1714 hadi 1837. Victoria alipokalia kiti Hanover ilimpita, kwa sababu huko mwanamke hakurithi mbele ya mwanamume, ikaenda kwa baba yake mdogo, na farasi akaondoka naye. Leo yuko kwenye nembo ya jimbo la Niedersachsen.

Nataka kuchapa fulana zenye tai wa Ujerumani. Kuna shida? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Tai wa serikali ya sasa, kwa sheria za Ujerumani, kumtumia bila kibali ni kosa la faini, kwa hiyo usizipeleke huko. Wa Prussia ni habari nyingine. Dola lenyewe lilifutwa na Washirika, walioishinda Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, tarehe 25 Februari 1947, halina mtu wa kukushtaki. Lakini kwenye sampuli uliyonitumia kifuani umeandika PR. Ni FR. Rekebisha kabla hujawasha mashine.