Jibu: Bunduki ya marisau ya marehemu babu, nibadilishe kitako na kuipiga?

Pole kwa msiba, ndugu yangu wa Masindi. Umeuliza kama unaweza kubadilisha kitako cha bunduki ya babu, ya mitutu miwili, geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), kisha uipige. Kwanza nenda polisi. Leseni ilikuwa ya babu, haiwi yako kwa kurithi, na chini ya Sheria ya Silaha ya Uganda ya 1970 kukaa na bunduki bila leseni ni kosa. Watakuambia iwekwe wapi.

Leseni ikipatikana, usikimbilie kuipiga. Mwambie fundi aifungue vipande, asome alama zilizogongwa chini ya mitutu. Yangu, niliyoachiwa na babu yangu, ilitengenezwa Birmingham, Uingereza. Nilipofuta grisi iliyoganda niliona chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, ni ya milimita 65. Risasi nyingi madukani ni za 70. Na kinachonitisha ni kwamba ya 70 huingia vizuri kabisa, maana urefu huo hupimwa ganda la risasi likiwa limefunguka mdomo. Ukipiga, mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kufunguka, shinikizo hupanda, na mtutu mzee unaweza kupasuka karibu na mkono wako wa kushoto. Tafadhali usijaribu hata moja.

Kitako kiache. Mimi nilipaka mafuta ya kitani kwa kiganja, kidogo kidogo, wiki tatu, na mistari ya mti ikarudi. Pale shavu la babu yangu lilipolainisha mbao, sikupitisha msasa.