Rada ya maili 48 haitakuonyesha mwamba

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina boti ya faiba ya futi 24, injini mbili za farasi 60. Naitoa Raskazone kwenda kuvua, wikiendi nawapeleka watoto Maziwe, na mara chache navuka hadi Pemba. Sasa nataka niweze kurudi usiku bila wasiwasi. Muuzaji mmoja ananishawishi nichukue rada ya maili 48, "uione Pemba kabla hujang'oa nanga Tanga", pamoja na chatiplota (skrini ya GPS inayoonyesha ramani ya bahari) ya inchi 12 na kadi ya ramani ya Afrika nzima aliyoinakili kwa bei ya chai. Anasema nikigusa Pangani kwenye skrini njia inajichora yenyewe na miamba yote inakwepwa. Betri ninayo moja, Ah 100. Nichukue?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, rada nunua, plota nunua, kadi hiyo mrudishie mwenyewe. Na kabla hujamrudishia, mwulize kama yuko tayari kukaa omo usiku wa kusi, wanawe wakiwa nyuma yake, boti ikifuata huo mstari uliojichora.

Nianze na maili 48, kwa kuwa karibu kila anayetafuta rada hunijia na namba. Namba ya kwenye boksi inasema mashine inaweza kusikiliza mpaka wapi. Boti yako ni habari nyingine. Mawimbi ya rada yanakwenda karibu mstari ulionyooka, na bahari imepinda. Hesabu yake ni fupi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena juu ya maji kwa mita, jumlisha kipeuo cha pili cha urefu wa kitu unachokitafuta, zidisha kwa 2.2, unapata maili za baharini. Boti ya futi 24 antena yake itakaa mita 2.5 juu ya maji, ukijitahidi 3. Meli ya mita 20 itaanza kuchomoza kwenye maili 13 hivi. Kilima cha mita 100 utakipata kwenye maili 25. Kutoka Raskazone hadi Pemba ni zaidi ya maili 30, kwa hiyo hiyo Pemba aliyokuahidi hutaiona ukiwa Tanga, hata ungefungiwa rada ya maili 96.

Na wala hukuihitaji. Kitakachokuua usiku kiko ndani ya maili mbili. Mbao na nguo ya tanga hazirudishi mwangwi kama chuma. Jahazi lililosheheni, bahari ikiwa shwari, utalipata maili mbili au tatu. Ngalawa ya wavuvi wawili ni maili moja ukibahatika, na kusi likivuma inapotelea kwenye mwangwi wa mawimbi yenyewe. Kuna marekebisho ya kupunguza huo mwangwi wa bahari. Watu huyavuta mpaka skrini iwe safi, wakafurahi, kumbe wameifuta ngalawa pamoja na mawimbi. Na hao wavuvi wengi taa yao ni tochi au karabai, AIS hawana, yaani kile kifaa cha redio kinachotangaza jina na mahali chombo kilipo. AIS inalazimishwa kwa meli kubwa za safari za kimataifa, zile za tani 300 kwenda juu. Itakusaidia sana kwenye mkondo wa Pemba zinakopita meli. Kwa mvuvi wa pale kisiwa cha Jambe haitakuambia kitu.

Rada mpya nyingi zinapaka rangi kitu kinachokujia na rangi nyingine kinachokukimbia. Ni jambo zuri, nami nalipendekeza. Ila mvuvi aliyetia nanga hakimbii wala haji, mashine inaweza kumwacha na rangi ya kawaida kama boya au jiwe. Asiye na rangi ya hatari si lazima awe salama kwako, wala wewe kwake.

Chukua rada ya kuba isiyotumia magnetroni, ile taa ya kuzalisha mawimbi iliyomo kwenye rada za zamani, ya inchi 18 hadi 20. Kama paa la boti linabeba uzito bila kutikisika, 24 ni bora, kwa sababu kuba dogo mwali wake ni mpana. Inchi 18 inatoa mwali wa digrii 5 hivi, ambao umbali wa maili moja una upana wa kama mita 160. Madau mawili yaliyokaribiana yataonekana moja, na uwazi kati ya visiwa viwili unaweza kuonekana umezibwa. Usidanganywe na kilowati 4 za magnetroni dhidi ya wati 20 au 40 za rada mpya. Hizi mpya zinatuma mawimbi marefu na kuyachambua kwa namna nyingine, zinawaka kwa sekunde chache badala ya kusubiri dakika nzima na zaidi, na zinaona karibu kabisa na boti, mahali ambapo magnetroni ni kipofu. Mvua kubwa ya masika zote itazisumbua, maana wimbi la sentimita 3 linagonga matone na kurudi. Fundi aifunge juu ya vichwa vya abiria, mbali na dira.

Jambo moja la kununua ambalo linawapotezea watu fedha nyingi: rada na plota vitoke kampuni moja. Ukiwa na plota ya Garmin, rada ya Raymarine au Furuno kwa kawaida haitazungumza nayo. Mtandao wa NMEA 2000 unabeba GPS, kina, injini na AIS kati ya kampuni tofauti, lakini picha ya rada inapita njia ya kampuni yenyewe. Hata ndani ya kampuni moja, toleo la zamani na jipya halielewani daima. Nimechoka kuletewa kuba la mtumba lisilo na skrini, mwenyewe amejaa matumaini, nami sina la kumfanyia. Kabla ya kulipa, pata jina kamili la toleo la kila kifaa na uthibitishe kwenye orodha ya kampuni kwamba vinashirikiana.

Skrini ya inchi 9 inakutosha, mradi iwe inasomeka juani, ihimili maji ya daraja la IPX7, na iwe na vitufe vya kweli, kwa sababu kidole chenye maji ya chumvi hakielewani na skrini ya kugusa. Ya inchi 12 kwenye boti yako itakula nafasi ya dira, na dira usiiondoe.

Betri moja haitoshi. Rada, plota, kipima kina na redio ya VHF vitakula wati 60 hivi, yaani ampea 5. Betri ya Ah 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una saa kama kumi kwenye karatasi, chini ya hapo kama betri imezeeka. Tatizo hasa ni injini: ukipiga stata volti zinaanguka na plota inazimika, pengine ukiwa mlangoni pa mwamba, kwenye uwazi wa kupitia kati ya miamba. Weka betri ya pili ya vifaa peke yake, kila kifaa fyuzi yake, waya wa shaba uliopakwa bati.

Sasa nije kwenye kadi. Rada haioni chini ya maji. Nalisema wazi kwa kuwa nimesikia wauzaji wakisema inaonyesha miamba. Itaonyesha mawimbi yanayovunjikia juu ya mwamba, bahati ikiwepo. Mwamba wenyewe uliozama utauona kwenye ramani tu, na hapo ndipo watu wanapokwenda kupwelewa wakiwa na amani moyoni. GPS inakuambia ulipo kwa tofauti ya mita chache. Mtu anaona alama ya boti yake ikitembea kwa usahihi huo, anaamini na mwamba ulio kando yake umechorwa kwa usahihi uleule. Umechorwa kwa usahihi wa aliyeupima, siku aliyoupima, kwa chombo alichokuwa nacho. Pwani hii wapimaji wa Admiralty, jeshi la majini la Uingereza, walianza kuipima karne ya 19, wakishusha bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina: wanapima hapa, wanasogea, wanapima pale. Kilichokuwa katikati hakuna aliyekigusa. Ramani rasmi za leo zinakiri hilo zenyewe. Kuna daraja za ubora wa upimaji, na eneo la daraja C maana yake kilichochorwa kinaweza kuwa pembeni kwa mita 500. Daraja D ni baya zaidi. Tafuta daraja hilo kwenye plota yako kabla hujatafuta rangi nzuri za skrini.

Kisha mtu anakuza ramani kwenye skrini. Anakuza mpaka mlango wa mwamba unajaa skrini, anadhani anaona zaidi. Ni sawa na kukuza picha ya pasipoti: uso unakuwa mkubwa, lakini kovu ambalo kamera haikulinasa halitokei. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:300,000 milimita moja ni mita 300 za bahari. Na kuna mfumo wa kuhesabia latitudo na longitudo pia. Ramani nyingi za zamani za ardhi ya Tanzania zimechorwa kwa Arc 1960, plota inatumia WGS 84. Ukihamisha namba bila kuzibadilisha umekosea zaidi ya mita 300, umbali wa kukutoa katikati ya mlango mpaka juu ya jiwe.

Upande wa pili ni kupunguza ukuzaji. Tarehe 29 Novemba 2014 yati ya mashindano ya kuzunguka dunia, Team Vestas Wind, ilipanda mwamba wa Cargados Carajos huku huku Bahari ya Hindi, eneo la Mauritius, usiku. Mabaharia wa kulipwa, vifaa vya hali ya juu. Mwamba ulikuwemo kwenye ramani zao za kielektroniki, ila kwa kiwango cha ukuzaji walichokuwa wakitazama haukuonekana ulivyo. Wote waliokolewa, nashukuru. Kama hao yaliwapata, sisi wa Raskazone tuna sababu gani ya kuiamini njia iliyojichora?

Maana hiyo njia inachorwa juu ya ramani hiyohiyo, na kampuni zenyewe zinaandika onyo kwamba isitumike kama njia ya kupitia. Unajaza kina cha boti yako, inatafuta maji yaliyozidi hapo. Nyingi hazijui kama leo ni bamvua, maji yanapopanda na kushuka sana, au maji mafu, yanapobadilika kidogo. Tanga bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kina cha kwenye ramani kinahesabiwa toka maji ya chini kabisa au karibu nayo, kwa hiyo mwamba ulioupita asubuhi bila kuujua, jioni uko juu. Maziwe unaijua: wazee wetu waliiona ina mivinje, leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa linazama. Kwa saa hizo rada haitakuonyesha kisiwa, na mchanga haukai pale mchoraji alipouacha.

Ndiyo maana kadi iliyonakiliwa inanikasirisha kuliko rada mbovu. Rada mbovu utaigundua. Kadi mbovu inaonekana nzuri. Haipokei marekebisho. Hujui ni ya mwaka gani. Bandari ya Tanga imechimbwa na gati zake kufanyiwa kazi hadi kina cha mita 13, Chongoleani kumekuwa na ujenzi wa kituo cha mafuta ghafi na gati lake la kuingia baharini, maboya yanahamishwa, na kadi ya bei ya chai haina habari na lolote kati ya hayo. Ziko zinazouzwa zikiwa na kipande cha pwani kimekatwa, mahali pa miamba pameachwa rangi ya maji marefu. Kila anayeuza kitu hicho kwa mtu mwenye watoto botini anajua wanaopanda boti hiyo hawakuulizwa. Nunua kadi halali ya Afrika Mashariki kwa jina la kifaa chako, isajili, uisasishe. Ramani ya simu nayo, usiijengee safari ya usiku.

Rada yako itakulipa hapa kuliko kwenye hizo maili 48: iweke juu ya ramani kwenye skrini moja. Kisiwa cha rada kikikaa pembeni ya kisiwa cha ramani, amini rada na uache kutumia ramani ya eneo hilo kwa kupita karibu. Ulenge na Jambe ni vizuri kujaribia. Kwenye mikoko uwe mwangalifu, kwa kuwa rada inachora ukingo wa miti, na maji yakipwa tope lililo mbele yake halirudishi kitu.

Kabla ya kurudi usiku, tengeneza njia yako mwenyewe. Chagua siku ya bamvua, nenda maji yakiwa chini na jua likiwa juu nyuma yako, mtu mmoja omo anatazama, kipima kina kimewashwa, mwendo wa pole. Washa kurekodi nyayo kwenye plota. Pita mlango unaoutumia kwenda na kurudi, uihifadhi na kwenye kadi ya akiba. Kipima kina kikipoteza chini ukishaingia mkondo wa Pemba usikilaumu. Kule maji yanafika mamia ya mita, na kifaa cha boti ndogo hakiwezi. Usiku fuata nyayo hizo kwa mwendo wa pole, ukiacha nafasi ya kutosha kila upande, na mahali ambapo hukupita mchana usipite.

Muuzaji mwambie ailete rada boti ikiwa majini, aiwashe pale Raskazone, akuonyeshe dau lililotia nanga nusu maili mbele yako. Akikataa, fedha yako ibaki mfukoni.